Cheni ilikuwa mpya, takataka ndizo zilizotuulia injini

MLIO ulianza asubuhi moja ya baridi mwezi wa Julai, mtaani Umoja. Ukiwasha gari, kabla injini haijatulia, ulisikia kama mtu anatikisa mkebe wenye misumari. Kra-kra-kra, sekunde mbili hivi, halafu kimya. Binamu yangu, ambaye tulinunua gari pamoja ili tuendeshe teksi ya mtandaoni kwa zamu, alisema ni baridi. Nami nikasema ni baridi. Ukiwa na mkopo wa chama cha mamako wa kulipa kila mwisho wa mwezi, unaamini chochote ambacho hakitaki pesa.

Kufikia Septemba sekunde mbili zilikuwa zimekuwa tano, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa pale mtaani, kijana wa rika letu, alichomeka mashine yake ya kusoma hitilafu na ikaleta P0016. Kwa lugha ya kawaida, krenki na kemshafti zimeacha kwenda sambamba.

"Bro, cheni ya taimingi imelegea," aliniambia. "Hii usiende nayo mbali. Ikiruka meno, utanunua injini."

Siku hiyo ndiyo nilijua gari letu lina cheni. Nilikuwa nimeliendesha karibu mwaka mzima.

Wacha nieleze kidogo, maana niko sure si mimi pekee. Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka, nazo vali hufunguka kuingiza hewa na petroli kisha kutoa moshi. Krenki, chuma kinachozungushwa na pistoni, ikimaliza mizunguko miwili, kemshafti inayofungua vali lazima imalize mmoja. Si mmoja na kidogo, mmoja kamili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila vali inafunguka mara 25 kwa sekunde, na katika injini nyingi za siku hizi pistoni hupita mahali palepale ambapo vali ilikuwa muda mfupi tu uliopita. Kinachozuia zisigongane ni cheni hiyo.

Magari mengine hutumia mkanda wa mpira badala ya cheni. Subaru zenye injini ya EJ20, zile ambazo vijana wa huku wanazipenda kupita kiasi, ni za mkanda, na kila mwenye nayo anajua kwamba ukikaribia kilomita 100,000 mkanda unabadilishwa. Injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye Probox na Fielder nyingi za barabarani ni ya cheni. Hata Subaru zenyewe zilihamia cheni zilipoleta injini za FB. Shida ya cheni ni kwamba haina kilomita maalumu ya kubadilishwa. Muuzaji atakuambia inadumu maisha yote ya gari. Hakuambii maisha hayo yanategemea nini.

Yanategemea oili. Cheni huishi ndani ya injini, inalowa oili muda wote. Watu husema cheni 'imevutika', lakini chuma hakivutiki kama lastiki. Kinacholika ni pini za kila kiungo na matundu yake. Chukua cheni yenye viungo 120. Kila kiungo kikilika sehemu moja tu ya mia moja ya milimita, cheni nzima imerefuka milimita 1.2. Kuna kifaa kinaitwa tensiona ambacho hukaza cheni kwa nguvu ya oili, na huo ndio mlio wa asubuhi: usiku oili imeshuka chini, ukiwasha gari cheni inapigapiga mpaka oili ifike kwenye tensiona. Haikuwa baridi.

Na sisi oili tulikuwa tunaibadilisha kwa kuangalia kilomita peke yake. Teksi ya Nairobi inaweza kukaa saa nzima kwenye foleni ya Jogoo Road injini ikinguruma, kilomita ikisonga moja. Mita haijui hayo. Isitoshe, sheria inaruhusu gari la mitumba kuingia Kenya likiwa na umri wa hadi miaka minane, na zile kilomita unazozisoma siku unalinunua, wewe omba Mungu tu ziwe za kweli.

Basi tukakubaliana bei na fundi, akafungua mbele ya injini. Kazi ilikuwa safi kwa macho yangu. Alitoa kifuniko, akanionyesha cheni ikining'inia kama mkufu. Kando ya cheni kuna reli mbili za plastiki ngumu zinazoiongoza isiyumbeyumbe. Mafundi huziita 'gaidi', kwa hivyo siku fundi akikuambia gaidi amevunjika, usipige simu polisi. Yetu ilikuwa imevunjika kweli. Ncha ya juu, kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, haikuwepo.

"Kipande kiko wapi?" nikauliza.

Akaelekeza kidole chini. "Kimeanguka kwa sampu. Tukitaka kukitoa tushushe sampu, lakini hiyo ni kazi ingine. Tutafungua leo, tufunge kesho silikoni ikikauka. Ni wewe useme."

Ilikuwa Ijumaa mchana. Ijumaa jioni na Jumamosi ndizo siku za doo kwa teksi. Nilifikiria mkopo, nikafikiria binamu angesema nini, nikapata jawabu ambalo bado linanikosesha usingizi.

"Achana nayo. Ni plastiki tu. Funga."

Nasema hivi wazi kwa sababu nikisimulia kisa hiki watu hurukia kumlaumu fundi wa mtaani. Yule kijana alipanga alama za cheni sawasawa, na taa ya injini ilizimika. Mlio uliisha. Aliniuliza swali la haki na mimi ndiye niliyelijibu vibaya. Kosa lake, kama lipo, ni kwamba hakukataa.

Gari lilikwenda vizuri wiki tatu. Kisha jioni moja, nimesimama kwenye mzunguko wa Globe na abiria wawili nyuma, taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la birika, ikaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta inazimika. Nikiachilia inarudi. Nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya: nikapima oili, nikaona iko, nikaongeza nusu lita juu yake kwa imani, nikaendelea na kazi.

Hapa nisimame kidogo. Taa ile haipimi wingi wa oili. Inapima msukumo wake. Oili inaweza kuwa imejaa kwenye sampu na isifike inakohitajika, kama vile tangi la maji kwa ploti limejaa na bomba la nyumba yako halitoi kitu. Ikiwaka gari likitembea, unasimama na kuzima injini hapohapo. Hata ukiwa Globe. Watapiga honi, wapige.

Mimi sikusimama. Siku mbili baadaye, Thika Road, karibu na Roysambu, injini ikaanza kugonga. Si kra-kra ya cheni. Huu ulikuwa mgongo mzito, tok-tok-tok, unaousikia kwenye nyayo. Tulivutwa kwa kamba.

Safari hii tulilipeleka kwa mzee mmoja Industrial Area ambaye shemeji yangu humwamini. Hakutaka kusikia hadithi ndefu. Alimwaga oili kwenye karai, akashusha sampu, akaniita: "Kijana, kuja uone chakula injini yako imekuwa ikila."

Ndani ya sampu kuna bomba lenye chujio la wavu ambalo pampu hunyonyea oili. Nusu ya wavu ilikuwa imefunikwa. Kipande chetu cha gaidi kilikuwa kimekaa pale kama kizibo, na kando yake vipande vingine vidogo vya plastiki hiyohiyo. Juu yake kulikuwa na kitu ambacho sikukitarajia: nyuzi za kijivu, laini, kama minyoo. Nilifikiri ni mpira. Ilikuwa silikoni.

Mzee alinieleza huku akiiviringisha kwa vidole. Kifuniko cha mbele hubandikwa kwa silikoni badala ya gasketi. Fundi akipaka nyingi kuhakikisha haivuji, ikikazwa inabanwa pande zote mbili. Ile unayoiona imefura nje kama meno ya ndizi, basi nyingine kama hiyo imefura ndani pia, na ya ndani inaoshwa na oili ya moto kila siku mpaka inakatika na kuanguka kwenye sampu. Ukanda mwembamba wa milimita tatu au nne unatosha, kwenye chuma kikavu kisicho na tone la oili, halafu unasubiri ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye bomba lake kabla ya kumwaga oili. Watu wengi hukataa kusubiri. Mimi najua, nilikuwa mmoja wao.

Nilimuuliza mbona filta haikusaidia, na tulikuwa tumenunua mpya. Akacheka. Filta iko baada ya pampu. Chujio la sampu liko kabla yake, na matundu yake ni makubwa, kazi yake ni kuzuia vitu vikubwa tu. Vidogo vinapita, vinaingia kwenye pampu kwanza, vinaikwaruza, ndipo vinafika kwenye filta. Na hata filta ina mlango wake wa dharura: ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi, mlango unafunguka na oili inapita bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Kwa hivyo ukiacha uchafu ndani ukitegemea filta itausafisha, umeipa filta kazi ambayo haikuumbiwa.

Na mahali uchafu huo unakwenda ni pembamba ajabu. Nafasi iliyopo kati ya krenki na beringi zake ni sehemu chache tu za mia moja ya milimita. Unywele wa kichwa chako huenda ni mnene kuliko hapo. Ndani ya nafasi hiyo kuna utando wa oili, na utando huo ndio umebeba injini nzima. Chembe moja ya mchanga ikiingia, inakata. Oili ikikosa kufika, chuma kinasugua chuma. Letu lilipata yote mawili. Beringi zilikuwa zimekwaruzwa mpaka rangi ya shaba ya chini ikaonekana, na krenki ilikuwa na mifereji ambayo ningeweza kuihisi kwa ukucha.

Krenki ilipelekwa kusagwa na tukanunua beringi nene zaidi, za robo milimita. Kodi ya nyumba ya miezi mitano iliingia hapo, na bado sijataja siku ambazo gari halikuingiza kitu. Wengi wangenunua injini kuukuu ya kutoka Japan na kuifunga. Tulifikiria hivyo. Mzee alituuliza kama tunajua cheni ya hiyo nyingine imekula oili gani miaka yote hiyo, tukanyamaza.

Alikubali kupunguza bei kama nitakaa pale kumsaidia kuosha vyuma. Nilikaa siku nne, na niliyoyaona ndiyo yalinifanya niandike makala haya.

Kabla ya kufungua chochote, aliosha injini kwa nje. Kwenye gereji za jua kali hatua hii hurukwa mara nyingi, na tope lililogandia kwenye kifuniko humwagika ndani mara tu kifuniko kinapotoka. Kisha kila tundu lililobaki wazi lilizibwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na alinifanya nivihesabu vitambaa. Vilikuwa saba. Kabla ya kufunga alinitaka nimhesabie saba tena mkononi. Boliti zilipangwa kwenye katoni kwa umbo la kifuniko zilikotoka, kwa sababu boliti moja ikikosekana mwishoni, unajua kuna moja mahali fulani, na mahali hapo pasiwe ndani. Alikuwa na sumaku iliyofungwa kwenye fimbo ndefu kwa ajili ya hiyo.

Tulipofika kwenye kukwangua silikoni kuukuu, nilichukua msasa. Alininyang'anya kabla sijagusa chuma.

Kumbe msasa ni sumu hapo. Chembe zake ni ngumu kuliko beringi, ni ndogo kuliko macho yako, na hazitoki kwa kufutwa na kitambaa. Visahani vya msasa vya kufunga kwenye drili ni vibaya zaidi, maana vinarusha vumbi kila upande. Hili si wazimu wa mzee mmoja. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliwahi kuwatumia mafundi wake waraka wa kuwaonya dhidi ya visahani hivyo, baada ya injini zilizokuwa zimetoka kutengenezwa kuanza kufa kwa beringi. Tulitumia kikwanguo cha plastiki na dawa ya kulainisha silikoni, na kwa kweli ilichosha. Saa mbili za kukwangua. Vidole viliota malengelenge.

Kisha cheni. Aliweka cheni mpya, reli zote mbili mpya, tensiona mpya na gia ndogo ya krenki mpya, kwa hoja kwamba gia iliyozoea cheni kuukuu itaila ile mpya. Cheni ina viungo vichache vyenye rangi ambavyo hulinganishwa na alama kwenye gia. Tensiona hufungwa ikiwa imebanwa kwa pini nyembamba, na pini ikichomolewa ndipo inaikaza cheni. Baada ya hapo alizungusha krenki kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, polepole, akisikiliza. Ikikwama popote unaacha hapohapo, kwani huenda ni pistoni imegusa vali. Nilishtuka kuona vile viungo vya rangi havilingani tena na alama. Ni kawaida, huchukua mizunguko mingi kurudiana. Zinazopaswa kulingana ni alama za gia zenyewe.

Alichomoa pia kijichujio kimoja kidogo kama kifuniko cha kalamu, kinacholinda vali ya oili ya mfumo wa VVT. Chetu kilikuwa kimejaa matope meusi. Ukiwa na injini ya VVT-i, muulize fundi wako kama amekiona hicho.

Siku ya kuwasha, alitoa kwanza fyuzi ya pampu ya petroli na kuizungusha injini kwa stata bila kuwaka, sekunde chache chache, mpaka taa ya birika ikazimika yenyewe. Oili ilikuwa imefika kila mahali kabla ya moto wa kwanza. Baadaye nikamuuliza kuhusu wale wanaomimina dizeli au mafuta taa kwenye injini ili kuisafisha. Alisema huko ni kung'oa uchafu wote kwa siku moja na kuupeleka kwenye chujio kwa pamoja, tena ukiwa umeifanya oili kuwa maji. Bora ubadilishe oili mapema, mara mbili au tatu mfululizo, uchafu utoke taratibu.

Na kama una moja ya zile injini za BMW za N20, ambazo ziko nyingi mjini siku hizi na ambazo reli zake za plastiki zilijulikana kwa kuvunjika, usisubiri mlio. Oili ikimwagwa, ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Vipande vya plastiki ya kahawia havina sababu nyingine ya kuwa humo.

Sisi tulimwaga ya kwanza baada ya kilomita 500, kwenye karai safi, sumaku ndani. Kulikuwa na ungavu wa kijivu kwenye sumaku, laini kama masizi, ambao mzee alisema ni beringi mpya zikizoeana na krenki. Hakukuwa na nyuzi wala plastiki. Ya pili, kilomita 1,000 baada ya hapo, sumaku ilitoka karibu safi.

Mama amelipwa miezi miwili na bado anadai minne. Binamu hajawahi kunilaumu kwa mdomo, ila siku hizi yeye ndiye hushika pesa za gari, na yeye ndiye huzungumza na fundi. Asubuhi, kabla hajawasha, huzima redio na kushusha dirisha. Tunakaa kimya sote wawili sekunde tano, tukisikiliza.